Vipuri vya kuboresha upinde wa kompaundi: kipi kina faida, kipi ni kupoteza hela?

Mshale380
Wakuu, naomba ushauri. Upinde ni kompaundi wa kemu mbili (magurudumu ya kwenye ncha za mikono ya upinde, yanayozungushwa na ugwe na kebo), pauni 60, urefu wa kuvuta inchi 29. Ulikuja na vifaa vya kiwandani: kilalio cha brashi (mahali mshale unapoegemea, penye nyuzi ngumu), kilengeo cha pini tatu, stabilaiza (fimbo ya kutuliza upinde) fupi ya mpira ya inchi 5, na ugwe ambao sasa una miaka mitatu. Mishale ni ya kaboni, greni 380 (kama gramu 25) pamoja na chembe, na inatoka kwa futi 270 hivi kwa sekunde. Mita 20 inakusanyika vizuri. Mita 40 inatawanyika kushoto na kulia zaidi kuliko juu na chini.

Orodha ya kununua ni hii: ugwe mpya na kebo zake, kilalio cha kuanguka (kinachoshuka mshale unapotoka), vizito vya kuongeza mwendo, stabilaiza ndefu ya kaboni, na kemu za modeli ya juu ya kampuni hiyohiyo. Fedha haitoshi vyote kwa mpigo. Kipi kianze, kipi kiachwe? Lengo ni shabaha za karatasi hadi mita 50, si kuwinda.

fundi_ugwe
Ugwe na kebo vianze, mkuu, na si kwa ajili ya mwendo. Miaka mitatu ya matumizi inatosha hata kama hakuna uzi uliokatika. Tafuta uzi usiotambaa, yaani usioendelea kurefuka taratibu ukiwa chini ya mzigo. Mchanganyiko wa nyuzi za Dyneema na Vectran ndio unaofanya kazi hiyo: Dyneema ni nyepesi na imara, Vectran inazuia kutambaa. Uzi wa 452X wa kampuni ya BCY, ambao theluthi yake ni Vectran, ni mfano mzuri.

Kebo zikirefuka, uzito wa kuvuta unashuka. Ugwe ukirefuka, urefu wa kuvuta unaongezeka. Na kwenye kemu mbili, kebo hazirefuki sawasawa, kwa hiyo kemu moja inafika mwisho wake kabla ya mwenzake na noki (mkia wa mshale unaoshika ugwe) inapanda au kushuka wakati wa kufyatua.

Kabla hujafungua chochote, pima na uandike: umbali wa ekseli kwa ekseli, nafasi kutoka kooni mwa mpini hadi kwenye ugwe, uzito wa juu kabisa kwa mizani, na mahali kebo zinapokaa ukilinganisha na alama za kemu. Kisha tia upinde kwenye presi (mashine inayobana mikono ya upinde ili ugwe ulegee). Kuna watu wanafungua bolti za mikono hadi mwisho ili ugwe ulegee. Bolti ikitoka ikiwa bado na mzigo, mkono unaruka na mtu anaumia. Kila upinde una idadi ya mizunguko inayoruhusiwa, iko kwenye kitabu chake.

Ukishafunga, piga mishale kama 100, halafu pima tena vilevile. Vipimo vikiwa vimehama, rudisha kwa nusu mzunguko wa kebo kila mara, si mzunguko mzima. Na kama unafikiria mashindano, pima uzito mwishoni: kukaza kebo kunaupandisha, na kanuni za World Archery, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinaweka kikomo cha pauni 60 kwa kompaundi.

NchaNaNoki
Ushauri wa fundi ni sahihi kwa upinde, lakini haujagusa dalili aliyoitaja muulizaji. Kemu zisizokwenda pamoja hutawanya juu na chini. Yeye anatawanya kushoto na kulia, tena mita 40 tu. Hapo mimi naanza na pimamaji.

Fanya hesabu. Kwa futi 270 kwa sekunde, mshale ukifika mita 40 umeshuka karibu sentimita 116 kutoka kwenye mstari ulioelekezwa. Ukiinamisha upinde digrii 2 tu, sehemu ya mshuko huo inageuka kuwa upande: karibu sentimita 4. Mita 20 kosa hilohilo linakupa sentimita 1, hulioni. Ukiinamia kulia mara hii na kushoto mara ijayo, tayari una mtawanyiko wa sentimita 8 bila kosa lingine lolote.

Vilengeo vingi vya pini vina pimamaji ndogo chini ya duara. Mambo mawili yanaweza kukuangusha: huitazami kabla ya kufyatua, au haikufungwa sambamba na ugwe. Kuikagua, bana upinde wima, linganisha ugwe na uzi wenye kizito unaoning'inia, kisha angalia povu (kiputo cha hewa) la pimamaji. Likiwa pembeni, legeza skrubu za duara na uliweke katikati. Kazi ya dakika kumi, na hununui kitu.

Sababu ya pili ni mshiko. Mpini ukifinywa, upinde unajipinda mkononi na mshale unakwenda pembeni. Mgandamizo ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vimelegea, vifundo vikiwa kwenye pembe ya digrii 45 hivi.

Kitanzi
Niongeze kuhusu kilalio. Brashi haina ubaya mkubwa hadi mita 30, ila inagusa vibawa vya mshale kila mara, na nyuzi zake zikichakaa upande mmoja mshale unasukumwa upande wa pili. Angalia yako kwanza. Kama imelika, kilalio cha kuanguka kina faida ya kweli.

Kuna cha kuvutwa na kebo na cha kuvutwa na mkono wa upinde. Nakupendekezea cha mkono: kamba yake haiongezi mzigo kwenye kebo, na hubaki juu muda mrefu zaidi mshale unapotoka. Cha kebo ni kizuri pia, lakini kamba ikikazwa mno inavuruga mwendo wa kemu, ikilegea kilalio hakipandi hadi juu. Kiwe kimepanda kabisa zikiwa zimebaki inchi moja au mbili kufika mwisho wa kuvuta.

Kufunga: mshale upite katikati ya tundu la bolti la mpini ukitazamwa kwa upande, na uwe umbali wa karibu milimita 20 au 21 kutoka ukuta wa mpini ukitazamwa kwa juu. Noki iwe sawa na mshale, au milimita 2 hadi 3 juu. Kisha paka poda ya miguu kwenye vibawa na kilalio, piga mshale mmoja kwa karibu. Poda ikikwaruzwa mahali popote, kuna mguso. Zungusha noki au rekebisha kamba kabla ya kufanya lolote lingine. Ni baada ya hapo tu ndipo upige kupitia karatasi, mita 2 mbele yako, uone mshale unavyoitoboa.

Mshale380
Asanteni sana wakuu. Pimamaji ipo, ila povu haliko katikati upinde ukiwa wima. Nimelikagua kwa uzi wenye kizito. Na vizito vya mwendo je? Na zile kemu?

Kapi_Mbili
Povu limekujibu, lirekebishe leo hii.

Vizito vya mwendo hubanwa kwenye ugwe karibu na kemu, na vikikaa mahali pake vinaweza kukupa futi chache kwa sekunde. Tuseme 5. Ukikosea makadirio ya umbali kwa mita 2 kwenye shabaha ya mita 40, mshale wa futi 270 unakukosesha sentimita 6.1, wa futi 275 unakukosesha 5.9. Umenunua milimita 2. Na wewe unapiga karatasi ya umbali unaojulikana, kwa hiyo hata hizo milimita 2 huzihitaji. Vikihama kidogo, mwendo unapungua badala ya kuongezeka, na kikifunguka kinaruka. Achana navyo. Kumbuka pia kwamba kila greni 3 unazopunguza kwenye mshale zinakupa karibu futi 1 kwa sekunde, ila usishuke chini ya greni 5 za mshale kwa kila pauni ya upinde. Kwako ni 300. Chini ya hapo nguvu isiyobebwa na mshale inarudi kwenye mikono na kemu, kama vile umefyatua upinde bila mshale.

Kemu za modeli nyingine, hapana kabisa. Mikono, urefu wa kebo, ekseli na kemu vimepigiwa hesabu pamoja. Kemu kali zaidi inaweza kuikunja mikono kupita ilivyokusudiwa, na dhamana inakufa. Kitu halali ni moduli (vipande vinavyofungwa kwenye kemu) za kemu yako mwenyewe, zenye namba ya upinde wako, kwa ajili ya kubadilisha urefu wa kuvuta. Inchi 29 zikiwa ni nyingi kwako, hiyo moduli itakusaidia kuliko kipuri chochote kwenye orodha yako.

Podo
Kwa stabilaiza, usinunue fimbo moja ndefu ya mbele peke yake. Ukining'iniza uzito mbele tu, upinde unaanguka mbele na bega linachoka kabla ya mishale 30. Fimbo ya mbele ya inchi 24 hadi 30 inataka fimbo fupi ya nyuma, kwenye upande usio na kilengeo, na uzito wa nyuma mara mbili au tatu ya ule wa mbele. Anza na uzito mdogo, ongeza kidogo kidogo. Vuta ukiwa umefumba macho, fumbua: povu likikaa katikati bila wewe kulisukuma, umefika. Nyingi zina nyuzi za 5/16-24, hakikisha kabla ya kulipa.

Hata hivyo mimi ningeiweka baada ya ugwe na kilalio. Fundi ana haki: huwezi kusawazisha upinde ambao kebo zake zinatembea.

NchaNaNoki
Na kabla ya hivyo vyote, mishale. Ipime kwa mizani ya greni. Ikitofautiana zaidi ya greni 3, tenga. Zungusha kila mmoja kwa chembe kwenye kiganja: ukitetemeka, ama umepinda ama chembe hakikukaa sawa. Ugumu wake uangalie kwenye jedwali la mtengenezaji. Namba kama 400 maana yake mshale unainama inchi 0.400 ukiegemezwa kwa inchi 28 na kuwekewa gramu 880 katikati. Kwa pauni 60 na mshale wa inchi 28 au 29, mara nyingi unaangukia hapo. Ukiwa laini mno hakuna kilalio kitakachouponya.

Ukisharekebisha povu, piga mishale 12 mita 40 ukilitazama kila mara, weka namba kwenye kila mshale, na uandike unapoangukia. Namba ileile ikitoka pembeni kila awamu, tatizo ni mshale huo. Zikibadilishana, tatizo ni mshiko. Ugwe uagize wakati unapiga hizo, maana kutengenezwa kunachukua muda.