Tupeane uzoefu: Umewahi kumshukuru mhudumu wa bembea?

Mama Isevya (Tabora)

Ndugu zangu, salaam. Naanza na langu, nalo si la kujisifu.

Sikukuu ya Idd iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka sita uwanjani, hapa hapa Tabora, palipokuwa na ile bembea ya viti vinavyoning'inia kwa minyororo na kuzungushwa kwa jenereta. Mlangoni palisimamishwa ubao wenye mstari mwekundu wa kupimia urefu, na mwanangu akapungukiwa na kama vidole viwili. Kijana wa mlangoni, ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamtoka sawasawa, aliniambia kwa upole kwamba mtoto huyu hatapanda. Nikamjibu kwamba nimekwisha lipa. Akanirudishia fedha yangu na kusema, "Mama, samahani, mwaka huu hapana. Mwakani mlete, nitampakia mimi mwenyewe." Niliondoka nikinung'unika kwa sauti ambayo nilitaka aisikie.

Nilikwenda kusimama chini ya mwembe nikitazama. Bembea ilipokolea, vile viti vilitupwa nje hadi vikalala ubavu, na mtoto mmoja mwembamba akateleza kidogo kuelekea chini ya mnyororo uliomzuia kifuani. Mashine ikazimwa papo hapo, kabla hata sisi wazazi hatujapiga kelele. Aliyeizima alikuwa kijana yule yule. Akaenda kumweka mtoto sawa, akauvuta mnyororo mara mbili, kisha akapita kiti kwa kiti akiivuta na mingine yote, huku akiwavua watoto ndala zao na kuzipanga pembeni.

Nilipomwendea kumwomba radhi, bembea ilikuwa imeanza tena kuzunguka, naye hakunigeukia hata kidogo. Nikadhani amenikasirikia, na nikaona ninastahili. Iliposimama na watoto wote wakashuka, ndipo akanigeukia: "Shikamoo mama. Nilikusikia, ila macho yangu yalikuwa kule."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, wenzangu mnawashukuruje watu hawa, na kwa wakati gani?

Mshika Swichi Mstaafu (Mwanga, Kigoma)

Mama Isevya, huyo kijana alifundishwa vizuri. Kabla sijarudi nyumbani Kigoma nilifanya kazi hiyo misimu miwili jijini Dar es Salaam, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Kwenye mashine kubwa mnakuwa wawili au zaidi. Mmoja anapita akikagua mikanda na vyuma vya kuzuia abiria, mwingine yuko kwenye swichi, na yule wa kwanza akimaliza anainua dole gumba ili mwenzake ajue njia ni nyeupe. Sasa abiria mwenye furaha naye akiinua dole gumba lake kutoka kitini, au akimwita mwendeshaji ampungie mkono, nia yake ni njema, lakini anaingiza ishara yake katikati ya ishara za kazi. Tulifundishwa kutofuata ishara ya mtu yeyote asiye mwenzetu, na kama kuna shaka, kuanza ukaguzi upya. Ndiyo maana shukrani nzuri ni ile ya mlango wa kutokea, baada ya chombo kusimama kabisa.

Kuna shukrani nyingine isiyotamkwa, na kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Ni ile ya mtu anayefika kwenye kiti akiwa amekwisha weka simu na funguo mfukoni, ambaye haachi ganda la karanga nyuma yake, na ambaye ukimwambia akae wima haulizi mara tatu kwa nini. Maneno yale yale unayasema tangu asubuhi hadi jioni, juani, na kwa kila kundi unatakiwa uyaseme kana kwamba ni mara ya kwanza. Mtu mmoja akiitikia tu "sawa kaka", koo linapoa.

Kuhusu fedha, ulizeni kwanza. Pale kwetu zilikatazwa, na siku moja mgeni alinitia noti mkononi kwa moyo mweupe, kisha mimi ndiye niliyesimama mbele ya msimamizi kueleza ilikotoka. Mgeni mwingine alisoma jina langu kwenye beji, akaomba daftari la maoni, akaandika mistari miwili kwamba nilimtuliza binti yake aliyekuwa analia. Mistari hiyo ilisomwa mbele ya wenzangu asubuhi iliyofuata, na nina hakika ilisaidia mkataba wangu ulipofika mwisho.

Msafiri wa Reli

Nilisoma Denmark kwa muda, na katikati ya mji wa Copenhagen iko bustani ya michezo iitwayo Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843. Ndani yake kuna reli ya mbao ya kuchezea, Rutschebanen, yenye vitreni vinavyopanda na kuporomoka kama vinavyoshuka mlima. Imekuwapo tangu mwaka 1914, mwaka ule ule ambao Reli ya Kati ilifika Kigoma, jambo ambalo lilinifurahisha peke yangu kwa kuwa sikuwa na wa kumweleza. Kila kitreni kina mtu wa breki anayepanda pamoja na abiria na kukipunguza mwendo kwa mkono. Kwingine breki ziko kwenye reli yenyewe na mwendeshaji humwoni, lakini hapa anayekulinda anapigwa na upepo ule ule. Tulipofika chini, abiria walimwambia "tak", yaani asante, mmoja baada ya mwingine. Mimi ulimi ukanitoka, nikasema "wabeja", asante ya Kisukuma na Kinyamwezi. Alicheka na kuinamisha kichwa, nadhani alielewa.

Mzee wa Tumbaku (Urambo)

Kwa heshima zote, naona mnakuza mambo. Wamelipwa kwa kazi hiyo, nasi tumelipa kiingilio. Mbona fundi wa mashine ya kusaga hatumfungulii mjadala?

Mshika Swichi Mstaafu (Mwanga, Kigoma)

Mzee wangu, shikamoo. Fundi wa mashine ya kusaga unamkabidhi mahindi.

Mzee wa Tumbaku (Urambo)

Marahaba. Hapo umenishika.

Binti Ujiji

Kwetu Ujiji mama yangu ana desturi yake. Vijana wa bembea siku ya Idd huwa hawapati nafasi ya kula hadi alasiri, kwa sababu watoto wakitoka kusali wanamiminika uwanjani moja kwa moja na fedha zao mkononi. Hivyo mama anapakua sinia la pilau, analifunika kwa kawa, na kunituma nilipeleke nyuma ya jenereta, kwa masharti kwamba nisilitoe mpaka wapokezane zamu, maana hataki mtu ale huku mtoto wa mwenzake yuko hewani. Hapo ndipo nilipokubaliana na kaka wa swichi kuhusu wakati.

Mwaka mmoja vijana walilirudisha sinia wenyewe hadi nyumbani jioni, limeoshwa, na kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, ndani yake waliweka tiketi mbili.

Mama Isevya (Tabora)

Binti Ujiji, usituache njiani. Mama alipanda?

Binti Ujiji

Alipanda, dada. Alijifunga khanga ya pili kiunoni, akawaambia wamkague mnyororo mara tatu, nao wakamkagua mara tatu. Aliposhuka alishindwa kusema chochote kwa kizunguzungu, akabaki amemshika yule kijana mkono mpaka dunia ilipotulia.