Yai la kuchangiwa: wakala wa Nairobi, kliniki ya Dar au mdogo wangu?

Mama wa Uyole
Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 41, niko Mbeya. Kipimo cha AMH (cha damu, kinachoonyesha akiba ya mayai) kimerudi mara mbili kikiwa karibu na sifuri, na daktari hakuzunguka: mayai yameisha, ila mfuko wa uzazi uko salama. Njia iliyobaki ni yai la mwanamke mwingine, mbegu za mume wangu, mimba nibebe mwenyewe. Mkononi nina njia tatu: wakala wa Nairobi anayetafuta mabinti na kuwapeleka kliniki, kliniki ya Dar yenye wachangiaji wake, na mdogo wangu wa tumbo moja, miaka 29, watoto wawili, aliyejitolea mwenyewe tukiwa tunamenya viazi jikoni. Wakala ndiye anayejibu haraka kuliko wote, na picha zake ni nzuri. Nimwamini? Wa maombi na mizizi mnisamehe, huko nimeshapita.

Kitonga Juu
Pole dada. Kujibu haraka si sifa, hata wauza viwanja hewa wanajibu haraka. Sisi tuko Iringa, na tumeshalizwa. Wakala (simtaji) alitutumia wasifu wa binti: miaka 23, mwanachuo, damu safi. Tukampenda. Ada ya kushikilia nafasi 1,200,000, itumwe kwa simu. Jina lililotokea kabla ya namba ya siri lilikuwa la mtu, si la kampuni. Nikabonyeza hivyohivyo, na hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Wiki ya pili mke wangu akaikuta picha ileile kwenye tangazo lingine, gauni lilelile la njano, binti sasa ana miaka 26 na jina jipya. Kuuliza, tukaambiwa amepata safari. Hela mpaka leo.

Tulipokuja juu wakatuonyesha cheti cha BRELA. Cheti halali kabisa! Ila BRELA inasajili biashara, hata duka la vipuri linasajiliwa pale. Haina maana kwamba kuna mtu wa afya aliyekagua kazi yao.

Mkunga Mstaafu
Kamwene. Mwanangu wa Uyole, achana kwanza na picha na bei. Mwulize huyo wakala habari za binti.

Binti anachomwa sindano kila siku, mara nyingi siku 10 hadi 12, huku anapigwa ultrasound kuangalia mayai yanavyokua. Anapewa sindano ya mwisho, na baada ya kama saa 36 analazwa usingizi, mayai yananyonywa kwa sindano ndefu kupitia ukeni. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo wakiwa na maumivu kidogo. Wachache ovari zinavimba, tumbo linajaa maji, wanatapika, pumzi inakuwa fupi. Huyo analazwa. Nilishampokea mmoja wodini, alikuwa amepandishwa basi kesho yake baada ya kutolewa mayai. Tumbo kama la mimba ya miezi sita, ameshika bahasha ya nauli, na namba ya aliyempeleka haipatikani tena. Aliyempokea mtoto wa mchango ule pengine hajui hata leo.

Wakala anayemtupa binti stendi, wewe atakutupa wapi? Uliza: ana miaka mingapi (wataalamu wengi wanataka 21 hadi 34), ameshatoa mara ngapi (ikifika sita imetosha), nani anamtibu akivimba, na kwa fedha ya nani. Vipimo viwe vya VVU, homa ya ini B na C, kaswende na seli mundu. Karatasi zitoke maabara, si kwenye WhatsApp ya wakala.

Mchele wa Kyela
Samahani kuuliza kijinga, huyo binti hamalizi mayai yake?

Mkunga Mstaafu
Hapana. Kila mwezi mwili unaamsha mayai kadhaa, linakomaa moja, mengine yanakufa. Sindano zinayaokoa yale ambayo yangekufa.

Mwanakwaya wa Tukuyu
Kwetu Wakatoliki Kanisa lilishasema hapana tangu 1987. Fikirini pia hilo.

Mama wa Uyole
Asante ndugu, niliomba msamaha mapema.

Ughaibuni Kidogo
Kuna njia ya nne, mayai yaliyogandishwa Afrika Kusini. Kule mchangiaji hajulikani jina, na sheria inazuia mtu mmoja kuzidisha watoto sita. Uingereza ni kinyume: waliochangia tangu Aprili 2005, mtoto akifika 18 ana haki ya kujua ni nani. Amua mapema mtoto utamwambia nini, maana hilo nalo linachagua wakala. Kwa mdogo wako jibu lipo mezani kila Krismasi, na mumewe awe amekubali kwa mdomo wake mwenyewe. Mawifi nao wana masikio.

Kitonga Juu
Na malipo yawe kwa hatua, kwenye akaunti ya kliniki. Mkataba useme binti akighairi au mayai yakitoka machache nani anabeba hasara.

Mama wa Uyole
Nimerudi. Nimewapigia wote leo. Wakala nimemwuliza nani anamtibu binti akivimba. Akacheka kidogo: “Mama, hayo waachie wataalamu, tuma ada nafasi isichukuliwe.” Kliniki wameniweka kwenye simu mpaka salio likakaribia kuisha, kisha nesi akasema wanamfuatilia mchangiaji wiki mbili na gharama imo kwenye ankara. Picha hawatoi. Swali lao la kwanza lilikuwa kama mume wangu ameshapima seli mundu.

Ameshapima, ni AS, yaani amebeba kinasaba kimoja cha seli mundu bila kuumwa. Mdogo wangu hajawahi. Mchangiaji naye akiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, na hilo wakala hakuligusa hata siku moja. Leo asubuhi nimempeleka maabara, mumewe akatusindikiza hadi mlangoni, akabaki nje anachezea funguo za bodaboda. Majibu Ijumaa. Akitoka AA, yaani hana kinasaba hicho, tunaanza naye. Akitoka AS, Jumapili tunapanda basi la Dar.