Wakuu naomba ushauri: Sanda ya Torino ni ya kweli au la? Jibu nalihitaji kabla ya Ijumaa

Mtoto wa Jumuiya (mleta mada): Tumsifu Yesu Kristo, na wa upande wa pili asalaam aleikum. Ile Sanda Takatifu iliyoko Torino, Italia, wanayosema ndiyo aliyozikiwa Bwana, ni yenyewe? Nimesoma mpaka macho yanauma, huyu anasema hivi, yule vile. Usiku silali. Wenye sayansi na wenye dini nijibuni, ila matusi hapana.

Kaboni Kumi na Nne: Mkuu, hilo lilikwisha 1988. Walikata kipande pembeni, wakagawia maabara tatu zipime umri wake kwa kaboni: Oxford, Zurich na Tucson kule Arizona. Majibu: kitani ni cha kati ya 1260 na 1390. Na kwenye maandishi sanda hiyo inaibuka Lirey, Ufaransa, miaka ya 1350. Mwaka 1389 askofu wa Troyes, Pierre d'Arcis, alimwandikia papa wa Avignon kwamba askofu aliyemtangulia alishamjua mchoraji aliyeitengeneza. Askofu huyo, si mimi mpagani.

Mama Kwaya: Mchoraji gani? Mwaka 1898 Secondo Pia aliipiga picha, alipoisafisha gizani akakuta kwenye negativu (ile picha ya kinyume, cheusi kinakuwa cheupe) uso umejitokeza kama mtu kalala. Karne ya 14 nani alijua negativu? Na 1978 wanasayansi kutoka Marekani waliikagua siku tano, usiku na mchana, wakasema si mchoro wa rangi. Marehemu mama alikuwa na picha ya uso ule ukutani, juu ya redio. Mtoto akiumwa anapigishwa magoti pale. Tulizaliwa sita, wote tupo.

Mlokole Mtulivu: Bwana Yesu asifiwe. Yohana 20:7, leso ya kichwani ilikuwa "imezongwa-zongwa mbali mahali pa peke yake". Yenu ni kipande kimoja, uso humo humo. Someni Biblia jamani.

Fundi Cherehani: Mimi mnanimaliza kwa kitambaa chenyewe. Mita 4.4 kwa 1.1, msuko wa mfupa wa samaki. Kazi hiyo kwa mkono si mchezo, hata kama ni ya 1300.

Mzee wa Kahawa: Mleta mada, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kitambaa kilichoko Italia. Ijumaa kuna nini?

Mtoto wa Jumuiya: Basi niseme. Kuna mtu kanipa uzi. Uzi mmoja, kama sentimita 3, uko ndani ya medali iliyofungwa kwa kioo. Umetoka kwenye Sanda yenyewe. Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba nauonyesha kwenye jumuiya.

Mzee wa Kahawa: Kakupa au kakuuzia?

Mtoto wa Jumuiya: Nimechangia. Laki tatu na nusu. Ana cheti chenye mhuri mwekundu. Na kabla hamjaanza: ndiyo, ni fedha ya mfuko wa jumuiya, mimi ndiye mhazini, nitairudisha. Wakiuona watachangia wenyewe. Mbona hata Kanisa halijasema Sanda ni feki? Tena uzi huu nikiushika vidole vinapata joto.

Dogo wa Machinga: Uzi kuhusu uzi. Nipisheni nikae mbele.

Katekista Mstaafu: Mwanangu, Kanisa halijasema ni feki, na halijasema ni ya kweli. Papa Yohane Paulo II alipokwenda Torino 1998 aliiita kioo cha Injili, suala la umri akawaachia wanasayansi. Lakini kuhusu kuuza limesema wazi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190: masalia matakatifu ni marufuku kabisa kuuzwa. Sasa uzi ukiwa wa kweli, mmekosa wote wawili. Ukiwa wa uongo, umepigwa. Nenda kwa paroko kabla ya Ijumaa, na daftari la hazina ulibebe.

Mtoto wa Jumuiya: Shikamoo mzee. Paroko namheshimu, ila kwanza nitaupeleka ukapimwe kaboni.

Kaboni Kumi na Nne: Ukipimwa ndiyo umeisha huo. Wanausafisha, wanauchoma uwe gesi, gesi inageuzwa grafiti, ndipo mashine inahesabu atomi. Wewe unarudishiwa karatasi. Ijumaa utawaonyesha karatasi?

Fundi Cherehani: Zurich ya nini? Bana unyuzi kidogo kwa kibanio cha nyusi, washa kiberiti. Kitani kinaungua kama karatasi, majivu yake ukiyapuliza yanapeperuka. Cha nyuzi za plastiki za kiwandani kinajikunja, kinabaki kidonge kigumu. Kuna bwana harusi aliniletea "kitani safi ya Italia", nikachoma pindo mbele yake, kidonge kama punje ya mtama. Akaoa hivyo hivyo, jasho linamtoka.

Mtoto wa Jumuiya: Siwezi kuchoma kitu kitakatifu.

Mpelelezi wa Chai: Wakuu, mnalishwa chai tena ya rangi. Uko ndani ya kioo, joto la vidole umelipataje? Na huyu huyu Januari alileta uzi wa mpangaji mwenye jini. Weka picha ya medali.

Dogo wa Machinga: Kumbe wa jini ni yeye! Ule uliisha vipi?

Mlokole Mtulivu: Ndiyo maana nilisema someni Biblia.

Mama Kwaya: Chai au si chai, mimi nimemkumbuka mama. Ile picha aliirithi dada yangu wa pili, hata kuniuliza hakuniuliza.

Mzee wa Kahawa: Hata kama ni chai, ile laki tatu na nusu inanuka ukweli. Hakuna mtu anatunga kwamba ni mhazini.

Mtoto wa Jumuiya: Saa nane usiku hii, samahani. Kioo kilikuwa kimelegea chenyewe. Nimebana kidogo tu, hata nusu sentimita haifiki. Fundi, kidonge kikiwa kigumu lakini si cheusi sana, kina ukahawia hivi, nacho kinahesabika?

Mpelelezi wa Chai: Picha.