Naomba ushauri: tukio linaelezwaje kwenye data zilizounganishwa?

MshonaData: Wakuu, habari za kazi. Naingiza historia ya safari za mwezini kwenye RDF, yaani mfumo wa kuandika data kama kauli fupifupi zinazoungana. Watu na mahali havinisumbui, kila kimoja kina URI yake, yaani anwani ya kipekee inayokitambulisha. Kinachonitoa jasho ni matukio. Nikiandika "Armstrong – alitua – Mwezini", tarehe naiweka wapi? Kauli ina nafasi tatu tu: kiima, kiarifu na yambwa. Halafu nitumie msamiati upi (orodha ya majina ya sifa na aina za vitu), schema.org au LODE ya matukio?

Kiunganishi: Mkuu, tukio usilifanye kitenzi, lifanye nomino. KutuaKwaApollo11 ipewe URI yake, ndipo uitundike wakati, mahali na washiriki. Ila usiishie kwenye nodi moja (kitu kimoja chenye URI) ya safari nzima. Collins alisafiri na Apollo 11 lakini hakutua, alibaki akiuzunguka Mwezi. Safari iwe tukio kubwa, kutua kuwe tukio dogo ndani yake, na hilo dogo liwashike Armstrong na Aldrin tu. Ukiwarundika pamoja, anayeuliza kwa SPARQL (lugha ya kuuliza data za RDF) ni nani walitua ataletewa watu watatu.

nodi_tupu: Naunga mkono. Schema.org inasomwa na injini za utafutaji na ina subEvent (sifa ya tukio dogo ndani ya kubwa), lakini ukiisoma utaona iliwaza matamasha na mihadhara zaidi kuliko historia. LODE ni nyembamba kwa makusudi: nini, wapi, lini, nani, basi. Ukitaka kusema nani alikuwa kamanda na nani rubani, hamia SEM, msamiati mwingine wa matukio, ina nafasi ya majukumu.

MshonaData: Asanteni sana. Na tukio likisababisha lingine?

nodi_tupu: Hapo ndipo wanahistoria wanaposhikana mashati. Tarehe ni tarehe, sababu ni dai la mtu. Liambatanishe na aliyelitoa, SEM inaruhusu hilo pia.

Majira: Nimechelewa, ila hakuna aliyegusa saa. Armstrong alikanyaga Mwezi tarehe 21 Julai 1969, 02:56 UTC (saa ya kimataifa). Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20. Ukiacha tarehe tupu, chanzo kimoja kitasema 20 na kingine 21, na ukiviunganisha kwa owl:sameAs (kauli kwamba URI mbili ni za kitu kilekile) unapata hatua moja yenye siku mbili. Weka xsd:dateTime (tarehe pamoja na saa) yenye Z mwishoni, alama ya UTC. Na pale unapojua mwaka na mwezi tu bila siku, tumia xsd:gYearMonth. Tafadhali usijaze 01T00:00:00 (siku ya kwanza, saa sita usiku) ili programu inyamaze, nimekuta data nyingi ambazo kila kitu kimetokea usiku wa manane.

MshonaData: 😂 Ndivyo zilivyo zangu. Ngoja nizifute.