Injini ya lori imepiga resi yenyewe na kugoma kuzimika: chanzo ni turbo au oili?

Mzigo wa Nyanda
Habari za kazi, wakuu. Ninalo lori la tani saba lenye injini ya dizeli ya silinda sita, turbo (feni inayosukuma hewa kwenye silinda) na intakula (kipozeo cha hewa hiyo), na pampu yake ni ya kizamani isiyo na kompyuta. Juzi likiwa limesimama gereji hapa Makambako, likinguruma kwenye silensa, yaani mzunguko wa chini kabisa, injini ilianza kupandisha mzunguko bila mtu kukanyaga mafuta. Dereva alizima swichi, akachomoa ufunguo, kisha akavuta kebo ya kuzimia, lakini ngurumo ilizidi kupanda na eksozi ikatoa moshi mzito wa bluu uliofunika yadi nzima. Bahati nzuri filta ya hewa ilikuwa imetolewa ili isafishwe, kwa hiyo fundi mmoja aliziba mdomo wa bomba kwa kipande cha ubao, ndipo ikazimika. Turbo ilibadilishwa miezi michache iliyopita, na mafundi wote wanailaumu. Hata hivyo, nilipochomoa kijiti cha kupimia nilikuta oili imepita sana alama ya juu, wakati hakuna aliyeongeza. Naomba kujua chanzo hasa ni nini, na kama ni salama kuiwasha tena.

Spana Kumi na Saba
Pole sana, mkuu. Hiyo ni turbo. Sili zake zikikatika, oili inayolainisha shafti hupenya upande wa hewa, inasukumwa kwenye silinda na kuungua kama dizeli. Turbo nyingi zinazouzwa kama mpya ni zilizokarabatiwa tu. Badilisha, kisha muwe na blanketi karibu la kuzibia hewa endapo itarudia.

Fundi Pampu
Nakubaliana na ndugu Spana kwamba turbo iliyochoka huleta balaa hili, lakini maelezo ya muulizaji yanaelekeza kwingine. Injini ya dizeli huachiwa hewa yote inayoitaka, na mwendo wake hudhibitiwa na kiasi cha dizeli ambacho pampu inapeleka kwenye nozeli. Ikipata kitu kingine cha kuungua kupitia njia ya hewa, gavana (kidhibiti mwendo cha pampu) haina la kufanya, wala ufunguo hausaidii, kwa sababu unachokata ni dizeli ya pampu wakati injini imekwisha kuanza kula oili yake yenyewe. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyovuta oili zaidi, na ndiyo maana mzunguko hautulii, bali huendelea kupanda hadi oili iishe, hewa ikatwe, au konrodi (mkono wa pistoni) ipasue bloku, yaani mwili wa injini.

Sasa, oili haizaliani. Ikiwa hakuna aliyeongeza na kiwango kimepanda, basi dizeli au maji yameingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Maji huifanya oili iwe na rangi ya maziwa. Dizeli huifanya iwe nyepesi na yenye harufu usiyoweza kuikosea. Dondosha tone moja kutoka kwenye kijiti juu ya kipande cha gazeti na uliache kwa muda: oili nzima huacha doa lisilotanuka sana, ilhali yenye dizeli hutandaza pete pana ya unyevu kulizunguka doa jeusi. Kwa pampu za kizamani zinazolainishwa kwa oili ya injini, pa kwanza kutazama ni sili za pampu yenyewe na ile pampu ndogo ya kuvutia dizeli iliyofungwa ubavuni mwake. Nozeli inayovuja nayo huosha kuta za silinda na kushusha dizeli kwenye sampu.

Kiwango kikishapanda, krenki (shafti kuu ya injini) huipiga oili mpaka ikawa povu, na mvuke wake hutoka kwa bomba la kupumulia, ambalo katika injini nyingi hurudishwa kwenye njia ya hewa. Vilevile, oili inayotoka kwenye turbo hurudi kwenye sampu kwa uzito wake tu. Njia hiyo ikizuiwa na oili iliyojaa, oili hukwama ndani ya turbo na kutafuta upenyo kwenye sili, hata kama turbo imetoka kiwandani jana. Mnaweza kuibadilisha mara tatu na lori likapiga resi tena.

Kuhusu blanketi sikubaliani kabisa. Mvuto wa hewa pale ni mkali mno. Kitambaa kinaweza kumezwa hadi kwenye mapanga ya turbo, na kiganja cha mtu kinaweza kuumia vibaya. Tumieni ubao au bati nene pana kuliko mdomo wa bomba. Mtungi wa zimamoto wa kaboni dioksaidi ukipulizwa kwenye njia ya hewa nao huizima.

Dereva wa Kitonga
Naongezea kwa upande wa barabarani, ambako hakuna mwenye ubao mkononi. Kama gari ni la gia za mkono, weka gia kubwa kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote pamoja na breki ya mkono, kisha achia klachi kwa mkupuo ili injini ikabwe na kuzimika. Klachi inaweza kuungua, lakini bei yake hailingani na ya injini. Jambo hilo lifanywe mapema, kabla mzunguko haujapanda sana, na ikishindikana, shukeni wote mkae mbali, hasa pembeni mwa injini, kwa maana chuma kikipasuka hakichagui. Gari la otomatiki halizimiki kwa njia hii.

Mwenye Kinu
Hata sisi wa mashine za kukoboa tunayajua haya. Injini ndogo za silinda moja mara nyingi zina filta ya hewa yenye bakuli la oili, na kijana akilijaza kupita alama, injini huinywa. Nyingi zina wenzo wa kuachia mgandamizo, nao huzima injini hata kama inakula oili.

Msimamizi wa Bohari
Wanaopakia mafuta na gesi wakumbuke kwamba mvuke ulio hewani nao ni chakula cha injini. Katika mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, watu 15 walifariki na 180 walijeruhiwa. Inaaminika moto uliwashwa na gari dogo la dizeli lililokuwa limeachwa likinguruma, ambalo lilipiga resi lilipovuta mvuke uliomwagika. Bohari nyingine haziruhusu gari la dizeli kuingia bila vali ya kukata hewa, na nadhani wana haki.

Mzigo wa Nyanda
Nawashukuru sana. Tone limetanda kwenye gazeti kama alivyoeleza Fundi Pampu, na harufu ni ya dizeli waziwazi. Tukishafunga sili mpya na kumwaga oili, tuwashe?

Fundi Pampu
Msiwashe kwanza. Fungueni hozi za intakula na mmwage oili yote iliyotuama humo, kwa sababu hiyo peke yake inatosha kuipigisha resi tena hata baada ya kuondoa chanzo. Shikeni shafti ya turbo kwa vidole muone kama inacheza au mapanga yamekwangua nyumba yake. Badilisheni filta ya oili, kisha toeni nozeli na kuizungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, ili oili au dizeli iliyobaki juu ya pistoni itoke badala ya kupinda konrodi. Pimeni mgandamizo wa kila silinda wakati nozeli ziko nje. Siku ya kuiwasha, filta ya hewa iwe nje, na mtu mmoja asimame na ule ubao.