Krismasi ya mboga tupu Lubumbashi, wageni wananuna. Naombeni ushauri

Mgeni wa Katanga
Wakuu habari za jioni. Huu mwaka wa pili niko Lubumbashi, nashughulika na mizigo inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nimepanga chumba na sebule, Kenya. Tarehe 25 nimealika marafiki kama kumi hivi: Watanzania, Wakongo, Mhindi mmoja asiyegusa hata yai, na Muethiopia ambaye siku hiyo bado atakuwa amefunga. Nimeamua chakula kiwe mboga tupu, tule sufuria moja sote. Sasa baadhi wameanza kununa. Niwaambieje wanielewe? Zimebaki siku nne, usingizi sina.

Kitimoto Kwanza
Krismasi bila nyama hiyo ni Jumanne tu, mkuu.

Bibi Kisamvu
Mjukuu wangu, usihangaike. Pika kisamvu, huko wanaita sombe. Kitwangwe kweli, si kukatwakatwa. Kichemke peke yake muda mrefu, ndipo utie karanga zilizosagwa na mawese kidogo. Dagaa usitie, mfungaji ataijua kwa harufu. Marehemu mzee wangu kila Krismasi alikuwa anauliza kisamvu kiko wapi, pilau la watu analiacha linapoa. Mwaka aliofariki sikupika. Mpaka leo najiuliza kwa nini.

Mgeni wa Katanga
Shikamoo bibi, asante. Hilo la dagaa nimelishika.

Mtoto wa Katuba
Ndugu, sasa ni mvua, bowa iko mingi, inauzwa kila njia, ile mikubwa sawa sahani. Nyinyi munaita uyoga. Pika na nyanya, kula na bukari, ile munaita ugali, hakuna mutu ataulizia nyama. Na chikanda usisahau, ukiikata inafanana na soseji. Lakini Noeli bila nyama, ndugu, batakucheka mpaka Bonane, mwaka mupya.

Dereva wa Tunduma
Chikanda! Si ile mizizi ya okidi inayotwangwa na karanga? Kwetu Makete utotoni tulikuwa tunaichimba, inavukia Tunduma kwenda Zambia. Kitulo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, mambo yakawa ya kujificha. Siku moja nimebeba viroba viwili chini ya viazi, askari akaniomba viazi... acha tu, uzi si wangu. Ila nauliza: viwavi vikavu ni nyama au mboga?

Kitimoto Kwanza
Kina macho. Nyama.

Mtumishi Mnyenyekevu
Danieli alikula mboga na maji siku kumi, akanawiri kuliko waliokula vya mfalme. Hao wanaonuna ni watumwa wa matumbo. Nakuombea, mpendwa.

Mama Risiti
Kuna kitu hakijaniingia. Mtu aliyealikwa bure hanuni, anakula, akifika kwake ndiyo anasema. Hao wananuna kwa haki gani? Walitoa chochote?

Mgeni wa Katanga
Mchango kidogo, mama.

Mama Risiti
Kidogo kiasi gani, na ulikuwa mchango wa nini?

Mgeni wa Katanga
Haya. Dola 10 kila mmoja. Ilikuwa ya mbuzi. Ikaja ada ya mdogo wangu Mbeya, nikatuma, nikijua nitarudisha kabla ya sikukuu. Malipo yangu yakachelewa. Ndipo nikakumbuka yule Muethiopia kafunga, nikaona kumbe hata sababu ipo. Na si uongo, kafunga kweli! Ada haisubiri jamani, mbuzi anasubiri.

Kitimoto Kwanza
Uzi wote huu aliyepona ni mbuzi.

Mtumishi Mnyenyekevu
Naomba yale maombi niyarudishe.

Shemeji wa Ilala
Chai hii, tena ya tangawizi. Yuko Lubumbashi, mara kapanga Kenya. Analala nchi mbili? Halafu Krismasi ya Waethiopia ni Januari 7, sasa tarehe 25 Disemba huyo mtu anafunga nini? Ukitunga, tunga na akili.

Mtoto wa Katuba
Kenya ni komini, sehemu ya muji hapa Lubumbashi, ndugu. Uliza kwanza.

Nimeishi Addis
Na amefunga kwa sababu sikukuu yao ni Januari 7. Wanaanza mwishoni mwa Novemba, siku 43, bila nyama, maziwa, siagi wala yai. Nilipokuwa kule nilikula shiro, ule mchuzi wao wa unga wa dengu, mpaka nikaota shiro. Hapo mleta uzi hajadanganya.

Shemeji wa Ilala
Sawa, Kenya ipo. Chai ninaisikia bado.

Mgeni wa Katanga
Sina cha kutunga mimi. Maharage kilo tano yako hapa chini ya kitanda, mkaa wa mbabula, jiko la huku, nimeshanunua, bowa nitachukua asubuhi ileile. Nitawaambia tunakula mboga kwa heshima ya mfungaji, mbuzi tutamla pamoja Januari 7 akifungua. Hapo katikati malipo yatakuwa yameingia. Mnaionaje hiyo?

Dereva wa Tunduma
Sijajibiwa kuhusu viwavi.

Bibi Kisamvu
Kilo tano? Mjukuu wangu, kilo moja wanashiba watu wanane.

Mama Risiti
Na bado sombe, na bado uyoga. Mgeni, hao "kama kumi hivi" ni wangapi?