Mjadala: manowari za mizinga mikubwa zirudi kupiga pwani? Mie nasema la

Jana baada ya isha tuko barazani Mji wa Kale, Mombasa, mzee mmoja mstaafu wa nevi akashikilia ati Wamarekani walikosea kuzigeuza makumbusho zile manowari za aina ya Iowa, manake mzinga wake wa inchi 16 watupa risasi ya kilo 800 na zaidi mpaka kilomita 38 hivi, na bei yake ukiweka kando ya kombora moja la Tomahawk ni kitu kidogo sana. Akatupa na mfano wa 1991, kisiwa cha Faylaka huko Kuwait, askari wa Iraki waliona droni ya manowari Wisconsin yazunguka juu, wakajua mizinga yafuata, wakapunga vitambaa vyeupe wakajisalimisha kwa hiyo droni.

Hapo ana hoja, simnyimi. Lakini mzee wangu, kilomita 38 ni kama hapa mjini na Mariakani, yaani meli sharti ije mpaka mlangoni kwa mtu. Vita hivyo hivyo vya 1991 Iraki ilifyatua kombora kutoka nchi kavu kuzilenga meli pale alipokuwa Missouri, manowari nyingine ya aina ya Iowa, na aliyelitungua ni Gloucester, meli ya kivita ya Waingereza, si ile mizinga mikubwa. Aprili 2022 Moskva, meli kuu ya Warusi Bahari Nyeusi, ikapigwa kutoka pwani ya Ukraine ikazama. Sasa wewe upeleke watu 1,500 karibu hivyo kwa vile risasi ni rahisi? Na meli je, na roho za watu?

Hata mizinga mipya ya Zumwalt, manowari za kisasa za Wamarekani, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, risasi moja ilipanda mpaka kama dola 800,000, na 2016 wakaacha kuzinunua.

Sisi watu wa huku twaijua hii kazi. Januari 1875 Waingereza waliipiga Ngome yetu, Fort Jesus, kutoka baharini kumtoa Akida aliyemuasi Sultani wa Unguja, na 27 Agosti 1896 wakaivunja kasri ya Unguja, haikufika hata saa moja, watu kama 500 wakafa na kujeruhiwa. Iliwezekana kwa sababu aliyekuwa nchi kavu hakuwa na cha kumjibu. Leo hata Wahouthi wa Yemen wana makombora ya kupiga meli, meli ya mizigo Rubymar ilizama 2024 kwa mkono wao.

Kwa hivyo mnaotaka zirudi, nitajieni pwani moja ya leo ambayo yafaa kupigwa na haina cha kujibu, na hiyo kazi ndege haiwezi kuifanya. Karibuni.